"Nani anazila bushi zangu?" Kisa cha Corolla ya Shangazi

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya cc 1500. Ni la shangazi yangu, nesi mstaafu anayeishi Chumbageni, Tanga. Kila wiki huenda nalo shambani kwake upande wa Kigombe, kwenye barabara ya kwenda Pangani, na kurudi na nazi kwenye buti. Barabara ile kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na rasta (vijituta vya mfululizo) kiangazi, na tope masika. Ukiacha barabara kuu kuingia shambani, mchanga na makorongo ndiyo njia.

Mwezi Oktoba mwaka jana aliniita. Ndani ya miezi 14 alikuwa amebadilishiwa bushi za nyuma, yaani mipira ya kwenye viungo vya magurudumu, mara 2 na kufanyiwa alaimenti (kunyooshewa mwelekeo wa magurudumu) mara 3, na tairi la nyuma kushoto lilikuwa limelika ukingo wa ndani mpaka nyuzi za chuma zinachungulia. Kashata za ukingo wa nje zilikuwa bado nzima kabisa. Nilitazama, nikamwambia bushi zimekufa tena.

"Hilo nimeambiwa na kila fundi, mwanangu," alisema. "Bushi nyingine sitaki. Nataka kujua nani anazila."

Swali hilo ndilo lililoongoza kazi yote, na naliandika hapa kwa sababu mafundi wengi, na mimi nikiwamo miaka ya nyuma, tumezoea kuliruka. Bushi imechanika, weka bushi. Hatuulizi kilichoichana.

Kwanza nieleze gari hili limeshikwaje nyuma, maana bila hivyo kisa hakieleweki. Corolla 110 haina ekseli nzima inayounganisha magurudumu ya nyuma. Kila gurudumu linajitegemea. Juu limeshikwa na shokapu iliyovalishwa springi. Chini kuna mikono 2 ya chuma inayotoka katikati ya gari kwenda nje kwenye gurudumu, mmoja ukiwa mbele na mwingine nyuma yake, yote miwili ikikutana na bolti ndefu kwenye chuma kinachobeba habu, kitovu cha gurudumu. Halafu kuna rodi inayotoka kwenye gurudumu kwenda mbele kwenye bodi, kazi yake kuzuia gurudumu lisirudi nyuma wala kwenda mbele. Mikono ile 2 inafanya kazi kama jozi. Ikiwa sawa, gurudumu linatazama mbele. Mkono wa nyuma ukifupika hata kidogo, unavuta sehemu ya nyuma ya gurudumu kuja ndani, na mdomo wake unageuka kutazama nje. Hapo gari linaanza kutembea kama kaa.

Ndivyo lilivyokuwa likitembea. Nililiendesha kwenda Tongoni na kurudi kabla ya kugusa spana yoyote. Kwenye lami iliyonyooka usukani ulikuwa umelala kushoto, na ukiuweka sawa gari linakwenda kulia. Ukiachia mafuta ghafla, mkia unahama kama mtu aliyesukumwa begani. Kwenye rasta nyuma kushoto panagonga. Dalili ya usukani kulala ndiyo iliyowapoteza wenzangu, maana anayeona usukani umelala anafikiria magurudumu ya mbele, na mara zote 3 gari liliwekwa kwenye kipimo cha mbele peke yake. Ukirekebisha mbele ili ifuate nyuma iliyopinda, usukani unakaa sawa, mteja anafurahi na kulipa. Gurudumu la nyuma linaendelea kukwanguliwa na barabara kama nazi kwenye mbuzi.

Nyumbani nilipima kwa kamba. Njia hii ni ya zamani na haihitaji mashine, inahitaji subira. Gari linawekwa pale palipo sawa, usukani umenyooshwa, upepo wa matairi umepimwa. Kamba 2 za kuvulia samaki zinavutwa pande zote mbili za gari, zikishikwa na stendi mbele na nyuma, kwa urefu wa katikati ya rimu. Unazisogeza mpaka umbali kati ya kamba na kamba uwe uleule mbele na nyuma, na umbali kutoka katikati ya habu hadi kamba uwe sawa kushoto na kulia kwa kila jozi ya magurudumu. Hapo ndipo unapima kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma wa rimu hiyohiyo. Gurudumu la nyuma kulia lilikuwa limetazama ndani kwa milimita 1, jambo la kawaida. La kushoto lilikuwa limetazama nje kwa milimita 3. Kwenye rimu ya inchi 14, milimita 3 kwa macho huzioni. Kwenye tairi zinatosha kulimaliza kabla ya wakati wake.

Nikalala chini ya gari na tochi. Mkono wa nyuma wa kushoto ulikuwa na vumbi na kutu kama mingine, lakini katikati yake palikuwa na mkwaruzo mpana uliokula rangi, kama alama ya kitu kilichofungwa na kukazwa. Nilitoka nikamuuliza shangazi kama gari limewahi kukwama.

"Mei ya mwaka juzi, shambani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Vijana walinisaidia sana, wakaleta trekta."

"Kamba walifunga wapi, Shangazi?"

"Kule chini nyuma, kwenye chuma cha karibu na tairi."

Bushi za kwanza zilibadilishwa Agosti mwaka huohuo. Sina neno baya kwa vijana wale, walikuwa kwenye tope hadi magotini wakimsaidia mama wa watu. Lakini mkono ule umeundwa ubebe nguvu za kuvutwa na kusukumwa kwa urefu wake. Ukiufunga kamba katikati na kuuvuta kwa trekta, unaukunja kama upinde, na upinde ni mfupi kuliko fimbo iliyonyooka. Baadaye nilipoutoa na kuuwekea rula ya chuma, katikati palikuwa na nafasi ya kidole kidogo kupita. Mkunjo huo umefupisha mkono kama milimita moja na nusu tu, lakini kwa sababu mikono miwili imekaribiana sana, milimita moja na nusu kwenye mkono inazidishwa ikifika kwenye ukingo wa rimu. Zinapatikana zile milimita 3.

Kwa hiyo anayekula tairi alikuwa amepatikana. Anayekula bushi bado, maana mkono uliopinda peke yake hauchani bushi mpya ndani ya miezi michache.

Hapa ndipo nilipojifunza kulegeza nati gari likiwa limesimama kwa miguu yake kabla ya kuliinua. Nilipandisha magurudumu ya nyuma juu ya mbao nene ili nipate nafasi ya kuingia, gari likiwa bado limeyakalia. Nikapiga mstari wa rangi nyeupe ukipita juu ya bomba la ndani la bushi na sikio la mkono, yaani ncha yake inayoshika bushi, kisha nikalegeza nati ya bolti ya nje. Nati ilipoachia tu, bomba la ndani liliruka na kuzunguka. Mstari wangu ukakatika, vipande viwili vikawa mbalimbali kama mishale ya saa.

Bushi ya namna hii ni bomba 2 za chuma, moja ndani ya nyingine, na mpira ulioshikishwa katikati yake. Bomba la nje linabanwa na sikio la mkono. Bomba la ndani linabanwa na bolti lisizunguke kabisa. Gurudumu linapopanda na kushuka hakuna chuma kinachosuguana na chuma, bali mpira ndio unaojisokota na kujisokotoa. Sasa fikiria fundi ameinua gari, gurudumu linaning'inia, anaingiza bushi mpya na kukaza nati kwa nguvu zake zote hukohuko juu. Mpira unaamini kwamba kuning'inia ndiko kukaa sawa. Anaposhusha jeki, gurudumu linapanda. Kwa gari hili nilipima, linapanda sentimita 9, na mkono una urefu wa karibu sentimita 40. Hesabu yake ni karibu nyuzi 13. Maana yake bushi mpya inaanza maisha ikiwa imesokotwa nyuzi 13 hata gari likiwa limelala usiku, kisha asubuhi inaongezewa nazi na rasta za Kigombe. Itachanika. Na atakayeweka nyingine kwa mtindo uleule atairudisha kwenye kifo kilekile.

Nilimwita shangazi nikamwonyesha ule mstari uliokatika. Alikaa kimya akautazama, halafu akasema, "Kwa hiyo wamenifungia jeraha huku mguu umepinda." Nesi ni nesi.

Matengenezo yenyewe yalichukua Jumamosi mbili. Jioni mbili kabla ya ya kwanza nilipulizia mafuta ya kulegezea kutu kwenye kila bolti. Sisi wa pwani tunajua chumvi inavyofanya. Sitasimulia kila nati, lakini kuna mambo manne ya usalama ambayo siwezi kuyapita.

Handbreki ya gari hili inashika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, handbreki haishiki tena kitu chochote kinachogusa ardhi. Lazima magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi mbele na nyuma, na gia iingizwe. Pili, stendi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake, na tofali la saruji si stendi. Nimeshuhudia tofali likipasuka chini ya gari bila onyo, likiwa limebeba vizuri kwa robo saa nzima. Kama huna stendi 2 za chuma, azima, na kama hupati pa kuazima, ahirisha. Tatu, moto. Njia ya mtaani ya kutoa bolti iliyoshika ni gesi au grainda. Tangi la mafuta la Corolla hii liko chini ya kiti cha nyuma, hatua moja tu mbele ya unapofanyia kazi. Cheche pale siziruhusu hata kidogo. Nne nitaifikia kwenye shokapu.

Bolti za nje zilitoka kwa sababu zilishatolewa mara 2 na mafundi waliotangulia. Za ndani zilikuwa hazijaguswa tangu gari litoke Japani, na nikaelewa kwa nini bushi za ndani hazikubadilishwa hata mara moja. Nati ilitoka vizuri, lakini mwili wa bolti ulikuwa umeota kutu pamoja na bomba la ndani la bushi. Unazungusha spana, bolti inazunguka kidogo, mpira unajisokota, ukiachia inarudi ilikokuwa. Mtu asiyejua anaongeza bomba refu kwenye spana mpaka kichwa kinakatika. Mimi nilikata kwa msumeno wa chuma, nikipitisha ubapa wa msumeno peke yake kati ya bushi na kibano cha bodi, pande zote mbili. Kijana wa jirani na mimi tulipokezana kwa saa moja na nusu. Inachosha, lakini kibano cha bodi kilibaki salama, na kibano hicho ndicho usichoweza kukinunua dukani.

Kabla ya kukata nilikuwa nimepiga alama ya rangi kwenye kila bolti ya ndani na bodi. Magari mengi ya muundo huu yana bolti yenye washa ambayo tundu lake limekaa pembeni badala ya katikati, na ukiizungusha mkono unasogea na mwelekeo wa gurudumu unabadilika. Ukiitoa bila alama, umepoteza pa kuanzia.

Mkono uliopinda, rafiki yangu mmoja alishauri tuunyooshe kwa gesi na nyundo. Nilikataa. Chuma kilichokunjwa kimeshachoka pale kilipokunjika, na kukipasha moto hadi kiwe chekundu kunakilegeza zaidi. Siwezi kumpa shangazi yangu mkono huo akaendeshee. Nilipata mikono ya Corolla kama hii, iliyotumika, kwa muuza spea wa Ngamiani. Niliilaza kwenye kioo cha meza ya duka lake mmoja baada ya mwingine, nikachagua iliyolala bila kucheza na isiyo na kutu ya kuchimba. Bei ya mikono yote haikufika bei ya tairi moja jipya. Bushi mpya zilisukumwa kwa presi, zikipakwa maji ya sabuni na si grisi wala mafuta ya injini, kwa kuwa mafuta ya petroli na jamii yake huvimbisha na kuozesha mpira.

Bolti mpya nazo zina maneno. Bolti iliyoandikwa 8.8 kichwani inastahimili mvuto wa karibu megapaskali 800 kabla ya kukatika, na huanza kuvutika bila kurudi ilivyokuwa ikifika asilimia 80 ya hapo. Ya 10.9 ina nguvu zaidi. Bolti laini isiyo na namba, inayouzwa kwa kufungia mageti, inaonekana sawasawa na hizo na inaingia kwenye tundu lilelile. Usiikubali chini ya gari. Nilinunua zenye daraja sawa na za awali, nikapaka grisi mwili wake tu, ule unaokaa ndani ya bomba la bushi, ili atakayezifungua baada yangu asihitaji msumeno. Meno niliyaacha makavu, kwani meno yenye grisi hudanganya kipimo cha mkazo.

Shokapu ya kushoto ilikuwa ikivuja, mwili wote umelowa mafuta na vumbi limegandia. Shokapu hubadilishwa kwa jozi, nikabadilisha mbili. Na hapa ndipo lile jambo la nne. Springi imebanwa juu ya shokapu kwa nguvu kubwa. Nati ya juu ikifunguliwa bila kibano cha kubania springi, springi inaruka, na iko kwenye usawa wa uso wako. Nimeona watu wakiibana kwa waya na kamba za katani. Nyumbani sina kibano cha kuaminika, kwa hiyo nilitoa shokapu zote mbili zikiwa na springi zake, nikazipeleka gereji yenye kibano, nikarudi nazo zimeshavalishwa mpya. Sioni haya kusema kwamba sehemu hiyo ya kazi haikufanyika nyumbani.

Kisha kurudisha. Bolti zote ziliingizwa na nati zikafungwa kwa mkono tu, mpaka mikono ikawa inapanda na kushuka bila kizuizi. Siku ya kwanza kabisa, gari likiwa bado chini, nilikuwa nimepima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, nikaandika ukutani kwa chaki: sentimita 36. Sasa niliweka jeki chini ya chuma kinachobeba habu na kuinua taratibu huku stendi ikiwa imeshika bodi, mpaka rula iliposoma 36. Hapo, na hapo tu, nilikaza kila bolti inayopita kwenye bushi kwa spana ya kupimia mkazo, nikifuata kitabu cha ufundi cha gari. Kushoto, kisha kulia. Rodi za mbele nazo vilevile. Dakika 20 hivi. Bushi mbili za shangazi zilikufa kwa kukosa hizo dakika 20.

Nilirudisha magurudumu na kukaza nati zake kwa mkazo wa Nm (newton-mita) 103, nikakagua mipira ya breki isiwe imesokotwa wala kuvutwa, nikafunga tena kamba za kuvulia. Kushoto milimita 1 ndani, kulia milimita 1 ndani. Jumatatu gari lilipelekwa kwenye kipimo kinachosoma magurudumu yote 4. Fundi wa pale alisogeza mbele kidogo, maana mbele ilikuwa imepindishwa mara 3 kuifuata nyuma.

Imepita miezi 7. Kila mwezi nachungulia. Nilipiga mstari mweupe kwenye kila bushi baada ya kukaza, na mpaka wiki iliyopita hakuna uliokatika wala kusogea. Tairi jipya la nyuma kushoto linalika sawa ndani na nje. Bushi ya mbele ya rodi ya kulia ina ufa mdogo ambao sikuuona mwanzo. Naufuatilia, na ukifika nusu ya mpira nitaibadilisha.

Jumamosi ya mwisho, kabla hajaondoka kwenda shamba, nilimwomba shangazi achuchumae mbele ya gari nikamwonyesha ndoano ya kuvutia iliyo chini ya bampa. Hakuwahi kujua ipo. Nimeipaka rangi nyeupe ionekane hata usiku wa mvua, na kamba mpya iko kwenye buti, chini ya magunia ya nazi.